Kujijua kwa Kujihesabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mhasibu kwa kazi na mtoto wa fundi cherehani kwa malezi. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, kila usiku kabla ya kulala nafunga hesabu za nafsi yangu kwenye kaunta buku. Jumamosi jioni hukaa na watu wachache, wengi wao vijana, tukasaidiana katika zoezi hilo hilo. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila wakati. Nimeyajibu kwa ninavyojua, na palipo na utafiti unaosaidia nimeutaja.

"Kujitambua" ni nini hasa? Mbona mtaani neno lenyewe limekuwa tusi?

Kweli, ukiambiwa "hujitambui" umetukanwa: maana yake hujui hadhi yako wala unachokifanya. Na hospitalini, ndugu akikwambia "mgonjwa hajitambui," anamaanisha amepoteza fahamu. Matumizi yote mawili yanatufaa hapa. Mtu anaweza kuwa macho, anatembea, analipa kodi ya nyumba, na bado mengi anayoyatenda anayatenda kama aliyezimia. Anafoka asijue kilichomfokesha, anaahidi asichokitaka, anacheka jambo lililomchoma. Kujitambua ni kuzinduka katika mambo hayo, moja moja. Kinachomzindua mtu ni kuyarudia matendo yake akiwa ametulia, kwa nia ya kujua ukweli, hata kama ukweli huo haumpendezi.

Je, ndani yangu yupo "mimi halisi" aliyejificha, nikichimba sana nitamkuta?

Hili huulizwa kwa hamu kubwa, na najua jibu langu huwavunja wengine moyo. Mimi sijamkuta. Niliyemkuta kwenye daftari ni mwanamke yule yule anayekwenda kazini kila siku, ila sasa namwona kwa karibu zaidi: nini humtisha, nini humlainisha, wapi husema uongo mdogo.

Ukiiendea nafsi yako kama mchimbaji wa Mererani anayesaka tanzanite, kila koleo la udongo utaliona takataka na utalitupa. Udongo huo ndio wewe. Ndiyo namna ulivyomjibu mhudumu aliyechelewesha chai, namna unavyomsema rafiki asipokuwepo, wimbo unaouimba bila kujua ukiwa unafua. Tena wengi wanaomtafuta "mimi halisi" wanamtegemea awe mzuri kuliko huyu wa kila siku. Huyu wa kila siku akishatazamwa vizuri ana ya kutosha, mema na mabaya.

Basi nianzeje? Nataka hatua, si nadharia.

Nunua daftari. Chagua muda wa usiku ambao nyumba imeshatulia, simu iwe chumba kingine. Andika tarehe. Halafu jiulize mambo matatu: leo nimefanya nini ambacho nisingependa kionekane? Ni saa ngapi moyo wangu ulichangamka, na saa ngapi ulisinyaa? Ni wapi nimesema "sawa" wakati moyoni nilitaka kukataa? Mistari mitano au sita inatosha.

Kanuni yangu ni moja, nimeitoa kazini: muamala usio na risiti siuandiki. "Leo nimekuwa mtu mbaya" ni hukumu, haina risiti. Risiti ni saa, mahali, mtu na neno lililosemwa. "Saa mbili asubuhi, kwenye daladala, konda amenirudishia chenji pungufu, nikamwita mwizi mbele ya watu, kumbe noti moja ilikuwa imejikunja mkononi mwangu." Hapo kuna kitu cha kushika. Hukumu usiipitishe usiku huo huo. Andika, funga, lala.

Kazi yenyewe huja mwisho wa mwezi, unaporudi nyuma na kusoma kurasa zote kwa mkupuo. Nitawaonyesha zangu, za mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa naishi Dar es Salaam na mdogo wangu wa kike, na niliamini kabisa kwamba mimi ni mtu wa hasira, nimezaliwa nayo. Daftari lilisema hivi:

"Tarehe 23. Nimemfokea kwa sababu ya chumvi kwenye mboga."

"Tarehe 25. Nimemfokea tena, kaacha jiko linawaka."

"Tarehe 27. Nimenuna mchana kutwa. Sijui nini."

Mwezi uliofuata, ukurasa wa tarehe 22, 24 na 28, mambo yale yale. Mwezi wa tatu vile vile. Kati ya tarehe 1 na 18, hakuna hata mstari mmoja wa kufoka. Nikajiuliza: mtu aliyezaliwa na hasira, hasira yake inajuaje kalenda? Nilipotazama tena nikaona kwamba kuanzia tarehe 20 mshahara ulikuwa umekwisha, na mama alikuwa anapiga simu kutoka Tanga kuuliza hela ya dawa ya presha. Nilikuwa namwambia "nitatuma kesho," kisha nakata simu na kuingia jikoni kutafuta kosa la chumvi.

Ilikuwa aibu. Mtoto wa kwanza, mhasibu, nimeshindwa kumnunulia mama yangu dawa. Nililia usiku ule, na asubuhi nikampigia nikamweleza mshahara wangu ni shilingi ngapi na unakwenda wapi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Tukakubaliana fungu la dawa litumwe tarehe 2, kabla ya kitu kingine chochote. Mdogo wangu hakujua kilichobadilika, aliona tu kwamba chumvi haina kesi tena.

Nikikaa peke yangu nawaza mpaka kichwa kinauma. Huko ndiko kutafakari?

Hapana, na nashukuru kila anayeuliza, kwa sababu hapa ndipo watu wema wanapoumia. Kiswahili chenyewe kinatuonya: tukisema fulani "ana mawazo," hatumsifu kwa kufikiri, tunamhurumia. Kuwaza kwa namna hiyo ni kutafuna neno moja lile lile, "kwa nini mimi, kwa nini mimi," bila kulimeza wala kulitema. Wanasaikolojia wamelichunguza kwa miongo mingi na kuona kwamba linaambatana na huzuni inayozidi. Watu wawili wanaweza kukaa kimya muda ule ule, mmoja akatoka na jambo jipya alilolijua, mwingine akatoka na kidonda kile kile kimechimbwa zaidi.

Utajuaje uko upande gani? Tazama kama kuna neno jipya. Ukiandika siku nne mfululizo sentensi zile zile, acha kuandika kuhusu jambo hilo, toka nje, pika, nenda kwa jirani. Njia nyingine ni kujiandikia kwa jina lako, kama unamwandikia ndugu yako: badala ya "kwa nini nimekasirika," uandike "kwa nini Zuhura amekasirika?" Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha mwaka 2014 tafiti zilizoonyesha kwamba watu waliojizungumzia kwa jina lao wenyewe walitulia zaidi walipokabiliwa na jambo la kutia hofu, kama kuhutubia mbele ya watu. Nimejaribu na wengi Jumamosi zetu. Mwanzoni wanaona haya, kisha mtu anaanza kujihurumia kama anavyowahurumia wengine.

Na neno hili nalisema kwa uzito. Ukipitisha wiki mbili huna usingizi, huna hamu ya chakula wala ya vitu ulivyovipenda, au ukianza kuwaza kujidhuru, funga daftari uende kituo cha afya, na umwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii. Sonona ni ugonjwa na una tiba. Daftari si dawa yake.

Lazima niandike? Siwezi kuwaza tu kichwani?

Unaweza, ila kichwa hukarabati hesabu. Tukio la asubuhi, likifika jioni, tayari limeshapakwa rangi, na likifika wiki ijayo wewe ndiye uliyeonewa. Wino haukarabati.

Kuna jaribio maarufu la mwaka 1986 la James Pennebaker na Sandra Beall huko Marekani. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika yaliyowaumiza sana maishani, tukio pamoja na hisia zake, walitoka wamehuzunika kuliko wenzao walioandika mambo ya juujuu, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Nawakumbusha watu sehemu zote mbili. Usiku ule huenda ukajisikia vibaya, na hiyo haimaanishi umekosea. Baadaye Pennebaker aliona pia kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao, siku hadi siku, yaliongezeka maneno ya kuelewa, kama "sasa naona" na "kwa sababu."

Usiyeweza kuandika, jirekodi sauti. Unayeogopa daftari kusomwa, andika kwa vifupisho, au chana ukurasa baada ya kuusoma mwisho wa mwezi.

Kwa nini naogopa kukaa kimya hata dakika kumi?

Hauko peke yako. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake waliwaacha watu chumbani dakika 15 bila simu wala kitabu, na kitufe kimoja cha kujipiga shoti ya umeme. Shoti hiyo walikuwa wameshaionja, na wamesema wangelipa pesa wasiipate tena. Katika wanaume 18, 12 walijipiga. Katika wanawake 24, walikuwa 6. Anza na dakika tatu, mikono ikiwa na kazi nyepesi: kuchambua mchele, kumenya viazi, kupiga pasi. Mama yangu alitafakari maisha yake yote kwenye cherehani.

Si mambo ya Wazungu haya? Na je, dini yangu inaruhusu?

Swali hili linaniuma kidogo, kwa kuwa tumesahau kilicho chetu. Neno "mhasibu" linaloandikwa kwenye mlango wa ofisi yangu lina mzizi mmoja na *muhasaba*, kujihesabu, ambalo masheikh wa pwani wamelifundisha misikitini toka zamani. Wanamnukuu Sayyidna Umar bin Khattab: jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kwa ajili ya zoezi hili. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza kwa mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake: asubuhi unaweka masharti na nafsi yako, mchana unaichunga, jioni mnakaa mnapiga hesabu ya faida na hasara. Mhasibu yeyote akisoma hapo anajiona. Na Qur'ani, katika Suratul Qiyama, inaiapia nafsi inayojilaumu.

Wakatoliki wana kuchunguza dhamiri kabla ya kitubio, na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyeanzisha Shirika la Yesu katika karne ya 16, aliwafundisha wafuasi wake kujichunguza mchana na jioni. Hata katika siasa tunalo: mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu alichokiita *Tujisahihishe*, akiwataka wana TANU wayaone makosa yao wenyewe na kuyasema. Hakuna cha kuazima hapo.

Watu wananiambia mimi ni mkali, lakini mimi najiona mpole. Nani mkweli?

Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa kwenye baraza la mama, Ngamiani, nikimshikia daftari la vipimo. Wateja wengi walikuja na namba zao kichwani. "Usinipime, kiuno changu thelathini na mbili." Mama hakubishana. Alizungusha tepu, akanong'ona, "Andika thelathini na sita." Gauni likashonwa kwa thelathini na sita, na likakaa vizuri. Nakumbuka pia kwamba mama mwenyewe, fundi wa miaka ishirini, alipotaka kujishonea alimwita fundi wa duka la pili. Kiuno mtu anaweza kujipima. Upana wa mabega, kutoka ncha hadi ncha kwa nyuma, hauwezi, hata awe na mikono mirefu vipi.

Ndivyo ilivyo nafsi. Utafiti wa Simine Vazire wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mambo ya ndani, kama wasiwasi na namna mtu anavyojithamini, mwenyewe huyajua kuliko rafiki zake. Lakini katika sifa ambazo kila mtu angependa kuwa nazo, kama akili na ubunifu, rafiki huona vizuri zaidi. Ukali uko katikati: hasira ndani unaijua wewe, uso wako ukikasirika wanaujua wao. Pengine nyote ni wakweli. Nyani haoni kundule, lakini pia hakuna ajuaye njaa ya nyani kuliko nyani.

Mnaofanya kazi maofisini huenda mmeshaonyeshwa kwenye semina lile "dirisha la Johari" lenye vyumba vinne: kinachojulikana na wote, ninachokijua mimi tu, wanachokijua wenzangu tu, na kisichojulikana na yeyote. Lilibuniwa mwaka 1955 na Joseph Luft na Harrington Ingham, na jina limetokana na majina yao, Joe na Harry. Haihusiani na johari yetu ya vito, ingawa wengi hudhani hivyo.

Ukitaka kuuliza, usiulize "mimi nikoje?" Kwetu mtu mwenye adabu atakujibu "uko vizuri tu," na kwa mkubwa wako atakuwa amekukosea heshima akijibu vingine. Uliza kitu kidogo chenye tarehe: "Dada, jana nilipomjibu yule mgeni, wewe ulionaje?" Kisha nyamaza. Ukijitetea mara moja tu, hutaambiwa ukweli tena mwaka mzima.

Kwetu mtu ni watu. Nikianza kujitafuta mwenyewe, si nitakuwa mbinafsi?

Aliyeniuliza hili mara ya kwanza alikuwa mama wa makamo, na nalikumbuka kuliko maswali yote. Alisema: "Tangu nimjifungue mwanangu wa kwanza naitwa Mama Rama. Mume wangu ananiita hivyo, mawifi, hata dukani. Juzi benki wakaniita kwa jina langu nikakaa tu, sikujua ni mimi."

Sikumwambia aache kuwa Mama Rama. Jina hilo ni la heshima na amelifanyia kazi. Nilimwomba aandike, kwa wiki moja, mambo aliyoyafanya ambayo hakuna aliyemtuma. Wiki ilipokwisha alikuwa na mistari miwili. Mmoja ulisema alisimama kwenye uzio wa shule saa nzima akiwatazama wasichana wakicheza netiboli. Alikuwa mlinzi wa timu yake ya sekondari, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuwahi kulitaja mbele ya watoto wake. Alipowasimulia, wakamtaka awaonyeshe. Sioni ubinafsi hapo. Familia yake imempata mtu zaidi, haijampoteza.

Ugumu wa kweli upo kwa mtoto wa kwanza, kwa anayelisha ukoo, kwa mkwe anayekaa na wakwe. Wao kusema "nimegundua sitaki" kuna gharama. Nawashauri waandike kwanza miezi mitatu kabla ya kutangaza chochote kwenye kikao cha familia. Mengine tunayodhani hatuyataki, tulikuwa tumechoka tu siku hiyo.

Vipimo vya tabia vya mtandaoni na nyota vinasaidia?

Vya kujifurahisha, sawa. Hata kile maarufu cha aina 16, alichokibuni Isabel Briggs Myers pamoja na mama yake Katharine Briggs, watu wengi wakikirudia baada ya wiki chache hupata aina nyingine. Mwezi mmoja wa daftari lako utakwambia zaidi.

Nikigundua jambo baya sana kuhusu mimi?

Utagundua. Mimi niligundua kwamba nilikuwa nafurahi kidogo kila rafiki yangu mmoja wa zamani anapofeli. Nafsi ilinisuta siku nyingi.

Nilichojifunza ni kutenganisha deni na mdaiwa. Deni huandikwa, hutajwa kiasi chake, hupangiwa tarehe, hulipwa. Kama umemdhulumu mtu, mrudishie na umwombe radhi kwa kulitaja kosa, si kwa "kama nimekukosea popote." Kama ni jambo la moyoni ambalo halijamdhuru mtu, huna haja ya kwenda kumwambia ili wewe upumue. Mimi sikumwambia rafiki yangu. Nilianza kumpigia siku zake njema, kumpongeza kwa sauti, na mara za mwanzo pongezi zilinikwama kooni. Unayeswali, swali. Unayeungama, ungama. Lakini mtu anayejichapa kila usiku kwa kosa lile lile amerudi kwenye kuwaza, niliyoyasema hapo juu.

Itachukua muda gani kuona mabadiliko?

Mchoro wa kwanza wa tabia huonekana ukiwa na miezi miwili au mitatu ya kurasa. Usiangalie mapema, hesabu ya siku tano haina mizania.

Nimeacha wiki mbili. Nianze upya?

Usianze upya, na usijaze siku zilizopita kwa kukumbuka, maana utatunga. Ruka mstari, andika tarehe ya leo, na chini yake andika ulikuwa unafanya nini dakika ile ulipoamua kulifungua tena daftari.